Nilimfuta baba kwenye orodha ya ubatizo, sasa mama ananiuliza kama atamkuta

Baba yangu alifariki Jumanne, wiki tatu zilizopita, saa nne asubuhi, wodini, hospitali ya Kitete. Alikuwa na miaka 81 na hakuwa amebatizwa. Aliyelifuta jina lake kwenye orodha ya ubatizo ni mimi, kwa kalamu yangu. Naomba mnifiche, maana waumini wenzangu wamejaa humu.

Nina miaka 49, mwanamke, naishi Mtendeni. Shule niliishia darasa la saba. Nilianza na mizinga minne ya nyuki ya kuazima, leo ninayo 312, na hakuna aliyenishika mkono. Kanisani nafundisha darasa la ubatizo, huu mwaka wa kumi na moja. Watu 214 wamepita kwangu, wengi ni wazee wa kijijini kwetu, upande wa Isikizya, kwenye njia ya zamani ya misafara.

Kanuni yetu ni kwamba anayeendelea na mila haandikwi. Nimefuta wazee tisa kwa kanuni hiyo na nikalala usingizi wangu vizuri tu.

Baba alikubali kusoma mwaka jana. Masomo ni kumi na manne, alihudhuria kumi na mawili, kwa baiskeli, kilomita sita kwenda. Lakini kila asubuhi alikuwa anatoka nje, anaelekea jua linakochomoza, anatema mate kidogo, halafu anamwomba Likube, ndivyo Wanyamwezi tunavyomwita Mungu. Anatutaja watoto wake wote saba, mmoja mmoja. Mimi wa tatu. Na akirina asali, kila mzinga anaacha sega moja, anasema hilo ni la Mwenyewe.

Nikamwambia aache hayo. Akauliza aache nini, kuomba? Nikamjibu darasani, mbele ya wenzake, "Baba, huwezi kushika wawili. Chagua mmoja."

"Kwani wako wangapi, mama? Wewe si ndiye hodari wa hesabu?"

Darasa likacheka. Nikaona amenidhalilisha, nikamfuta pale pale. Akachukua baiskeli yake, akaaga vizuri, akaenda zake. Hakurudi tena darasani. Mwezi uliopita kifua kikambana, siku nne tu, kwisha.

Baada ya mazishi nilimfuata mchungaji. Akanieleza kwamba kila mwanadamu ana ujuzi wa Mungu ndani yake, hata ambaye hajawahi kusikia Injili, ndiyo maana siku ile hakuna atakayekuwa na udhuru. Nikauliza, kwa hiyo baba alimjua? Akasema alimjua. Basi yuko salama? Akasema kujua peke yake hakuokoi.

Fanyeni hesabu hiyo nanyi. Kama hakumjua, amepotea. Kama alimjua, hana udhuru. Nimeipiga mbele nyuma, jibu ni lile lile. Nikamuuliza, na mimi niliyemfungia mlango? Akasema nilikuwa mkali mno, ningemshirikisha yeye kwanza kabla ya kufuta. Mkali! Kanuni ameisaini yeye, na miaka yote hiyo alikuwa ananisifia madhabahuni kwa msimamo.

Sasa kuna mama. Ana miaka 76, yeye na baba walikaa pamoja miaka 58. Amemaliza masomo yote, anatakiwa kubatizwa Jumapili hii. Jana nilimkuta anachambua karanga, hata shikamoo yangu hakuiitikia.

"Nikiingia kwenye hayo maji, nitamkuta baba yako, au nitakuwa nimemkimbia?"

Nikasema Mungu ndiye anajua.

"Mungu najua kwamba anajua. Nakuuliza wewe mwalimu. Kama hayupo, nifute na mimi, uniweke alipo mzee wangu."

Nikimwambia yupo, nimekana niliyofundisha watu 214, na wale tisa niliwafuta bure. Nikimwambia hayupo, namzika mama kama nilivyomzika baba. Nikinyamaza, atahesabu kwamba nimesema hayupo. Sina pa kutokea.

Wa kuniambia "omba tu dada", nimeshaomba. Mnaoijua Biblia kunizidi, nijibuni kwa neno moja: mtu aliyemwomba Mungu kila siku ya maisha yake, kwa jina alilofundishwa na wazazi wake, alimjua au hakumjua? Orodha naikabidhi Jumamosi saa sita mchana. Nipeni jibu kabla ya hapo, maana mama anakaa mlangoni ananisubiri.