Siku Waliyomzika Baba Kwenye Kijitabu

Harufu ya unga wa mahindi unaotoka kinuni ukiwa moto hunirudisha Kapseret, kwenye ukumbi wa kanisa tulikokutana kila Jumamosi kujifunza kuandika. Kinu kilikuwa upande wa pili wa ukuta, kikinguruma hadi mwalimu wetu, Madamu Rispa, alazimike kupaza sauti. Siku nyingine za wiki aliuza mitumba mjini Eldoret. Jumamosi alitufundisha bure. Shuleni tuliandika insha za kumridhisha mtahini, kwa Madamu tuliandika tulichokiona. Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipoandika kuhusu baba yangu, ambaye alimkama ng'ombe wetu akimwimbia nyimbo za kanisani, na ng'ombe yule mwenye madharau hakuachia maziwa mpaka ubeti wa pili. Madamu Rispa alicheka hadi akafuta machozi. Wiki nzima nilitembea kichwa juu.

Kisha ukaja mradi wa wafadhili, na mradi ukaja na mratibu, kijana mwenye viatu vilivyochongoka, akabeba maandishi yetu akisema yatachapishwa kwenye kijitabu. Siku ya kukizindua mbele ya wageni nilimsihi baba aje. Hakuwa mtu wa mikutano, lakini aliosha viatu vyake vya gambuti, akavaa koti la Jumapili, akaketi benchi ya mbele. Mratibu alifungua kijitabu, akataja jina langu, akasoma: "Baba yangu alifariki nikiwa mdogo. Ng'ombe wetu akauzwa tununue jeneza." Wageni wakatikisa vichwa kwa huruma. Majirani wakamgeukia baba, na mama mmoja akauliza, "Si huyu hapa?" Kwetu mtu aliye hai hatangaziwi kifo hata kwa mzaha. Sikuwa nimeandika neno hata moja kati ya yale.

Baba alingoja mpaka mwisho, akamwendea mratibu.

"Kijana, huyo baba ni mimi."

"Usijali, Mzee, hiyo ni stori tu. Wafadhili lazima waguswe kidogo."

"Ungeniambia mapema, singekuja."

Akavaa kofia yake, akaondoka bila kunywa chai. Madamu Rispa alipolalamika, aliambiwa mradi haumhitaji tena.

Nina hasira mpaka leo, na sitaki kutulizwa. Mtu mzima alitazama furaha ya mtoto, akaona haiuziki, akamuua baba yake ili hadithi iuzike. Sasa mimi nafundisha vijana Jumamosi, katika chumba kilicho juu ya duka la dawa mjini. Wafadhili bado wanakuja. Majuzi mmoja aliniambia hadithi za vijana wangu hazina uchungu wa kutosha, nikamwonyesha mlango. Ila hilo halijanirudishia kitu. Baba ni mzima, bado anakama, lakini nikikaribia zizi huacha kuimba, na hajawahi kuja kunisikia nikisoma. Wiki iliyopita nilimpigia simu kumwalika tena. Nikasikia ng'ombe akilia nyuma yake.

"Na huko," akauliza, "niko hai?"