Kofia ya Maua ya Mpira

Mkitaka nianze na aibu yenyewe, haya: niliwahi kutubu dhambi ya uasherati mbele ya kanisa zima nikiwa nimevaa nguo ya kuogelea, na uasherati wenyewe sikuwa nimeufanya. (Nilikuwa nimeuwaza, lakini kama wanaowaza nao wangeitwa mbele, viti vingebaki vitupu.) Mume wangu anasema habari hii niiache ipoe, miaka imepita, ila siku ile yeye hakuwa na maua ya mpira kichwani, kwa hiyo hana la kusema.

Ilikuwa ile miaka mitumba imeruhusiwa tu. Mimi nilikuwa fundi cherehani Kimandolu, na kabla ya hapo tulishona vitambaa vilivyopatikana kwa foleni dukani, gauni moja mtu analivaa mpaka linajua lenyewe njia ya kwenda kanisani, halafu ghafla mabelo yakaanza kufunguliwa na Arusha nzima ikavaa kafa-Ulaya. Hatukuwa tunajua kipi ni cha nini. Shimizi za satini zilipata kipaimara, jirani yangu mmoja alivaa koti la taulo baridi yote ya Julai akasalimiwa kwa heshima, na mama wa nyumba ya pili alinunua sidiria ndefu yenye vibanio vinavyoning'inia, akaitundika uani akawa anaanikia soksi. Mafundi wenzangu walilia kwamba kazi imekufa. Mimi sikulia, nikajifanya mtaalamu: ukinunua nguo kubwa unaniletea naipunguza, na ukinunua kitu hukielewi unaniletea nakueleza, na wallahi nilikuwa naeleza.

Niseme ukweli, nilizipenda zile nguo, na zile za zamani kuliko zote. Unaigeuza ndani unakuta mshono umerudiwa mara mbili, kifungo kimeshikwa kana kwamba kitarithiwa, pindo limeshonwa kwa mkono na mtu ambaye hakuwa na haraka ya kwenda popote. Nilikuwa naweza kukaa na blauzi moja saa nzima naikagua, wateja wananingoja.

Sasa, wakati huo nilikuwa na Elia, bwana mifugo, mtoto wa huko juu ya Ngaramtoni, mpole, anaimba besi kwenye kwaya ya usharika wao. Tulikuwa tunataka kuoana na kilichobaki ni mama yake. Mama huyu alikuwa ameshamkataa binti mmoja kabla yangu kwa kosa la kuingia zizini na viatu virefu, kwa hiyo Elia alipokuja kuniambia kwamba nimeitwa, nilijichoma sindano.

"Anasema nikulete kanisani Jumapili," akasema. "Hataki nyumbani kwanza. Anataka akuone ukiwa umekaa kimya."

Kukaa kimya kila mtu anaweza. Mimi nilichowaza ni kuvaa. Nikaenda kwa Mama Rukia, muuza mitumba, ambaye babu yake alitoka Tanga na ambaye kwa sababu hiyo alijiona ana haki ya kumsahihisha kila mtu Kiswahili. Alikuwa amefungua belo asubuhi hiyo.

"Fundi, hii nimekufichia wewe peke yako," akasema, akanitolea kitu kutoka chini ya meza. "Bodi. Na kofia yake hii hapa, vimetoka pamoja, vilikuwa vimekunjwa kimoja ndani ya kingine."

Bodi mnazikumbuka, zile blauzi zinazobana zinazofungwa chini kama nepi, ndio zilikuwa zimeingia. Hii ilikuwa ya kijani, imekunjwakunjwa kifuani kwa ustadi, ina vijiti vya kusimamisha kiuno, na chini ina kisketi kifupi cha kufunika makalio. Haikuwa na vifungo chini, na mimi mtaalamu nikamweleza Mama Rukia kwamba za zamani ndivyo zilivyokuwa. Kofia ilikuwa ya mpira, nyeupe, imejaa maua ya mpira ya waridi na manjano, yamesimama kila moja na majani yake.

"Mbona ya mpira?" nikauliza.

"Kule kwao mvua kila siku," akasema Mama Rukia. "Mtu na akili zake avae kofia ya majani?"

Nikaona maneno hayo yana mantiki.

Jumapili nikavaa bodi yangu, nikatia kile kisketi ndani ya sketi ndefu ya kitambaa kizito, juu nikapiga koti fupi la kifungo kimoja, na kofia. Elia aliponiona alisema nimependeza, lakini Elia angesema hivyo hata ningejitwika sufuria. Njiani akanifundisha: nitakaa upande wa wanawake, yeye atakuwa kwenye kwaya, mama yake tutamsalimia baada ya ibada, na yakishasomwa matangazo wageni wataitwa wasimame. "Utaenda mbele, utasema jina na unakotoka, na uwe mfupi," akasema.

Tukaachana mlangoni. Na pale mlangoni, kwa sababu nywele zangu zilikuwa na kalikiti, ile dawa ya mawimbi, na mafuta yake yalikuwa yanatiririka mpaka shingoni, kofia ikateleza ikaruka, ikadunda kwenye ngazi mara mbili, mzee wa kanisa akaiokota akanirudishia bila kunitazama. Nikaona haya. Nikaishika kwa mikono miwili nikaivuta chini kwa nguvu zangu zote mpaka ikapita masikio. Uamuzi wangu wa kijinga ulikuwa huo mmoja tu, yaliyofuata yote yalijileta yenyewe.

Maana ndani ya ile kofia dunia ilizimwa. Niliona kwaya inafungua vinywa, niliona mchungaji anapiga kidole hewani, nilichosikia ni damu yangu mwenyewe. Ningeweza kuivua? Ningeweza. Lakini ingenirukia tena mbele za watu, nikasema acha, nitamfuatisha jirani yangu, akisimama nasimama, akikaa nakaa, na kwa muda wa saa nzima nilikuwa Mkristo safi kuliko wote.

Matangazo yakasomwa. Mzee akakunja karatasi. Mara kijana mmoja akainuka akaenda mbele, na binti mwenye mtoto mchanga, na baba mmoja mtu mzima ameshika kofia mkononi. Nikajiambia, kumbe wageni tupo wengi. Nikainuka nikajipanga nao, nikamchekea yule mtoto mchanga.

Wale hawakuwa wageni, jamani. Wale walikuwa waliotengwa na usharika, siku hiyo wanatubu na kurudishwa kundini. Mchungaji alizungumza kirefu, wenzangu wameinamisha vichwa, mimi natabasamu kulia na kushoto. Kila mmoja akasema maneno machache huku anaangalia sakafu, nikawaza hawa wageni mbona hawana raha, hebu mimi niwachangamshe. Ilipofika zamu yangu (na mtu aliyeziba masikio hajui anapiga kelele kiasi gani) nikasema:

"Bwana asifiwe sana. Mimi naitwa Anna, natokea Kimandolu. Nimeletwa na Elia wa kwaya, yule pale. Nimefurahi sana, na Mungu akipenda, mimi na Elia tutarudia tena na tena."

Nikaona vinywa vya watu vimefunguka. Nikajua nimewagusa. Nikamtazama Elia, nikaona amejifunika uso kwa daftari la nyimbo, nikadhani ni furaha, nikampungia mkono.

Mchungaji akaja kutuwekea mikono. Kwangu mkono wake ukazama kwenye maua, ukarudishwa juu. Akajaribu tena, ukarudi. Akaniashiria nivue kofia. Nikavuta, haitoki, joto na mafuta vilikuwa vimeigandisha. Mama mmoja wa umoja wa wanawake akaja akanishika kidevu na mwingine akashika maua, wakavuta, mikono yangu ikapanda juu, kifungo cha koti kikakatika kikaruka, na kofia ikatoka na mlio wa kizibo cha chupa.

Masikio yakafunguka. Cha kwanza nilichosikia ni kicheko kutoka viti vya nyuma, na cha pili ni mchungaji akimaliza sentensi yake: "...na dhambi ya uasherati waliyoikiri leo mbele yetu."

Hapo ndipo nilipowatazama wenzangu vizuri, nikamtazama yule mtoto mchanga, nikaelewa. Sikuogopa kuchekwa, kuchekwa nimezoea. Niliogopa kwa sababu nilimpenda Elia, na nilijua kwamba mahali fulani kwenye viti vile mama yake ameshamaliza kuniona. Machozi yakanitoka pale pale, nimeshika kofia kama bakuli.

Mwanamke mfupi akasimama kwenye kiti cha tatu, amejitanda kanga mabegani.

"Mchungaji, naomba neno," akasema.

"Sema, Mama Elia."

"Hiyo kofia naijua. Ni ya kuogelea, inaziba masikio maji yasiingie. Huyu binti ni mgeni wangu. Tangu ameingia humu ndani hajasikia kitu chochote. Hata mahubiri yako hajayasikia."

"Hata mahubiri?" mchungaji akaniuliza.

"Hata mahubiri, baba," nikasema, na nilimwona kabisa kwamba hilo ndilo lililomuuma.

Nyumbani kwake alinikalisha jikoni, akanipa bakuli la loshoro, mahindi ya maziwa mgando, akakaa kwenye kigoda mbele yangu, Elia akafukuzwa nje. Nikamwambia shikamoo mama, mara ya tatu sasa, akaitika. Halafu akaichukua ile kofia akaiweka kwenye magoti yake, akawa anayanyoosha maua moja moja.

"Nilifanya kazi kwa mzungu mmoja wa kahawa, nikiwa binti," akasema. "Mke wake kila asubuhi anaingia kwenye bwawa la kumwagilia na maua kichwani. Mimi nafua, mimi naanika. Siku moja wamesafiri, nikaivaa. Nikaingia majini mpaka hapa." Akajigusa kifuani. "Sijamwambia mtu, hata baba yake Elia alikufa hajui."

Nikala.

"Na hiyo uliyovaa ndani ya koti ndiyo nguo yake yenyewe," akaendelea. "Ya kofia nimeisema. Hiyo nimeinyamazia, mle ni kanisani."

Nikaweka bakuli chini. Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, kama basi ndio amenikataa.

"Nikukatae niende wapi?" akasema. "Umesimama madhabahuni ukasema wewe na mwanangu mtarudia tena na tena. Nani mwingine atakubali kuolewa naye? Mtafunga ndoa kabla mahindi hayajavunwa. Na hii kofia unaniachia."

Nikamwachia. Bodi niliifumua nikauiga ule mshono wa kifuani, nimewashonea mabibi harusi wengi na hawajui ulikotoka. Na nilijiapiza, na sijavunja mpaka leo: sivai kitu ambacho sijajua mtu wa kwanza alikivaa akienda wapi.

Siku ya harusi yetu nilipoingia na baba yangu nilimwona mama mkwe kiti cha mbele, kanga mpya, na maua ya mpira kichwani, waridi na manjano, kanisa zima linamwangalia na hakuna aliyethubutu kucheka. Kofia alikuwa ameikunja pembeni, imeishia juu kidogo ya masikio. Nilipopita karibu yake akanivuta mkono.

"Nimeipandisha," akaninong'oneza. "Ya leo nataka kuyasikia yote."