Jina lake lilichomwa kwenye gitaa, sauti niliisuka mimi

Admin, jina langu nakuomba ulifiche vizuri, maana wajukuu wangu wote wanafuata ukurasa huu. Nina miaka sitini na tatu, naishi Mkolani hapa Mwanza, na kazi yangu tangu ujana ni kusuka mota zilizoungua. Mimi ni mtu wa wivu. Ninao wivu mmoja wa miaka karibu thelathini ambao haujapoa, na sasa umenifikisha pabaya.

Miaka ya tisini, viwanda vya minofu ya sangara vilipofunguliwa na bidhaa za nje kujaa madukani, nilipanga banda Buhongwa na rafiki yangu seremala. Nitamwita Masanja. Bendi za mjini zilikuwa na magitaa yaliyochoka, na yale mapya ya Ulaya yaliwashinda bei, kwa hiyo tukajaribu kuyatengeneza wenyewe. Masanja alichonga mninga. Mimi nilisuka koili, yaani kile kidude cha sumaku na waya kinachokaa chini ya nyuzi na kunasa sauti. Sumaku nilizitoa kwenye spika mbovu. Waya ulikuwa mwembamba kama unywele, nao niliuzungusha kwa gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa, huku nikihesabu kwa Kisukuma ili nisipotee. Ukikatika katikati, unaanza upya.

Gitaa letu la tatu, la besi, lilichukuliwa na bendi moja wakaenda nalo kurekodi. Wimbo ule ulipigwa redioni mpaka wauza dagaa wa soko la mwaloni, kule ufukweni, wakawa wanaiimba ile besi kwa mdomo. Mara ya kwanza kuusikia nilikuwa kwa kinyozi. Nilitokwa na machozi, watu wakadhani nimefiwa.

Sasa Masanja alikuwa na kawaida yake. Alichokitengeneza chochote, kitanda au kabati, alikichoma jina lake kwa chuma cha moto. Kwenye gitaa alilichoma kichwani, pale ambapo kila mtu anaona. Kazi yangu mimi ilikuwa chini ya kifuniko chenye skrubu nne. Wateja wakaanza kumiminika. Wananikuta mlangoni nimeshika waya, wananiuliza, "Kaka, fundi Masanja yupo?" Hata mke wangu siku moja alisema tukiwa tunakula, "Yule Masanja ana mikono ya baraka." Nikanawa mikono kabla sijashiba.

Nikamuuliza Masanja, "Na jina langu je?"

Akacheka, wala si kwa ubaya. "Wewe andika ndani, ndugu yangu. Mbao ndiyo inayosema, waya unabeba tu."

Basi bendi kubwa ya Dar ikaagiza magitaa mawili ya kurekodia. Masanja alichonga wiki tatu, akapiga msasa mpaka vidole vikachubuka. Mimi nikasuka koili kwa nusu ya mizunguko, ili sauti itoke hafifu. Kwa makusudi kabisa. Nilitaka wasikie mbao za Masanja zikiwa peke yake, halafu warudi kuuliza kimepungua nini, nami niseme. Masanja hakukagua. Koili zangu hakuwahi kuzikagua hata siku moja, aliniamini.

Walirudi kweli, lakini hawakuniuliza kitu. Kiongozi wao aliyaweka magitaa mezani akamwambia Masanja mbele ya watu, "Haya hayana sauti. Lile la besi ulibahatisha." Ningeweza kuyasuka upya kwa siku mbili. Badala yake nilishika ufagio, nikafagia vumbi la msasa.

Masanja aliamini alichonga mninga mbichi. Mbao zote zilizobaki alizipasua zikawa kuni, akahamia Sengerema kulima, na hajashika patasi tena. Siku anavuka ziwa kwenda Kamanga, njia ya Sengerema, nilimsindikiza mpaka kwenye kivuko, nikambebea na begi.

Mwezi uliopita nilitembelewa na binti yake, akiwa na kijana mmoja anayekusanya nyimbo za zamani. Wakaniamkia, nikaitikia. Binti akasema, "Baba anaumwa sana. Anasema wewe ndiye uliyekuwa naye. Anaomba umwambie zile mbao alizikosea wapi. Anaziota mpaka leo."

Kabla sijajibu, yule kijana akatoa picha kwenye simu. "Mzee, lile gitaa la besi la kwenye wimbo tumelipata, tukalifungua. Koili kama hii sijawahi kuiona. Aliisuka nani?"

Swali hilo nimelisubiri karibu miaka thelathini. Nikamjibu, "Sikumbuki."

Kwa sababu nikisema ni mimi, Masanja hatahitaji kuelezwa zaidi. Atajua sauti ilikuwa kwenye waya, na atajua aliyeinyima yale mawili ni nani. Sifa yangu na dhambi yangu zimo kwenye kidude kimoja. Na niwe mkweli, kwa kuwa hamnijui: hata pale kitandani kwake, kitu cha kwanza nitakachotamani kusikia ni aseme, "Kumbe ulikuwa wewe." Msamaha unakuja wa pili.

Jumamosi binti anakuja kunichukua tuvuke. Shati nimeshalipiga pasi. Ninyi mnaosoma hapa, wengi mna busara kuliko mimi, naombeni mawazo yenu kabla ya siku hiyo. Nimwambie rafiki yangu ukweli, au nimwache aende akizilaumu mbao zake?