Tofali la Nyumba ya Mjerumani

Nilipokuwa mtoto kule Lukozi, hakuna aliyethubutu kuchukua hata tofali moja la nyumba ya Mjerumani. Ilisimama juu ya shamba letu la kabichi, ya matofali mekundu ya kuchoma, madirisha ya upinde na dohani ndefu. Mwenyewe aliondoka zamani, wakati wa vita. Watu walisema aliuacha moshi wake humo, na atakayebeba tofali, moshi utamfuata hadi nyumbani kwake.

Mimi nilibeba. Figa moja la bibi lilikuwa limepasuka, nikaona nimsaidie. Jioni ile moshi ulitanda jikoni mpaka bibi akatoka nje akikohoa, machozi yanamtiririka.

"Tofali hili umelitoa wapi?"

Hakuhitaji jibu.

"Kesho asubuhi ulirudishe pale pale ulipolitoa. Na uombe radhi."

Nililirudisha kwenye ukungu wa asubuhi, nikauomba radhi ukuta. Jioni moto ukawaka vizuri. Miaka mingi baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba siku ile ya tofali tulikokea kuni za miti ya miwati zilizonyeshewa mvua.

Nikawa mwalimu, na ualimu una kiherehere chake. Mwaka juzi nilisimama kwenye mkutano wa kijiji, nikaomba nyumba ile ikarabatiwe, ibaki urithi wetu, wageni waje waione.

"Nani ataingia kwenye moshi wa Mjerumani?" akauliza mzee mmoja.

Nami, kwa mdomo wangu huu, nikawasimulia kisa cha bibi. "Zilikuwa kuni zilizolowa tu, jamani!" Wakacheka, wakapiga makofi. Nikaketi nimejaa sifa.

Hazikupita wiki tatu, dohani ikawa chini. Watu walibeba matofali kichwani na kwa bodaboda, mchana kweupe, tena wakinisalimia njiani: "Shikamoo, mwalimu!" Nilikimbilia ofisi ya kijiji, nikaambiwa niandike barua. Niliandika. Nyumba ikaisha barua ikiwa bado mezani. Hasira ile sijaimaliza hadi leo, na nusu yake ni juu yangu mwenyewe.

Juzi nilimtembelea mdogo wangu Elia. Jikoni kwake nikakuta jiko jipya la matofali yale mekundu. Nikamgombeza.

"Dada, si wewe uliyesema ni kuni tu?"

Bibi hakulijua hata neno urithi, lakini uhai wake wote ukuta ule haukupungua tofali. Nikaketi mbele ya jiko la Elia, nikitamani moshi uje unitoe machozi. Likawaka vizuri tu.