Ubao wa Watoto Nyuma ya Mlango

Saa mbili asubuhi, Dada Wembe anamfunga mteja wa kwanza kitambaa shingoni, anapuliza mashine ya kunyolea, kisha anakigeuza kichwa cha mzee wa watu huku na huku kama anayechagua tikiti sokoni. Mikononi amevaa glavu.

"Siku hizi umekuwa daktari?" mzee anamtania.

"Tulia, sikio lenyewe si langu," anamjibu.

Ana miaka thelathini na saba, na karibu nusu ya hiyo ameishi kwa ndevu za wanaume. Siku ikiwa njema, vichwa ishirini hupita mikononi mwake. Mwanzoni wanaume walichungulia saluni, wakamwona mwanamke, wakageuza.

"Mmoja aliniuliza kinyozi yuko wapi. Nikamwambia kaa, anakuja. Nikamnyoa. Mpaka leo ni mteja wangu," anasema akicheka.

Anaingia baba mmoja na mwanawe mdogo. Dada Wembe anawaelekeza kwa mwenzake wa kiti cha pili. Baba ananuna waziwazi, maana zamani watoto walikuwa wa Dada Wembe. Alikuwa na ubao aliouweka juu ya mikono ya kiti ili wadogo waufikie uso wa kioo. Sasa ubao huo umeegemezwa nyuma ya mlango.

"Wanadhani naringa. Mama mmoja alisema asiye na mtoto hawapendi watoto. Nilienda uani nikalia."

Ukweli hakuusema. Kueleza siri saluni ni kumwaga mtama kwenye kuku wengi.

Ukweli ni kwamba yeye na mumewe, fundi wa majokofu, wanatafuta mtoto kwa mwaka wa saba. Vipimo vilionyesha mayai yake yamebaki machache kuliko kawaida ya umri wake. Walijaribu kupandikiza mimba hospitalini, likapatikana yai moja tu, nalo halikurutubika. Wamekubaliana kujaribu mara moja tena, basi.

Safari hii daktari amempa jeli ya homoni ya kiume, ajipake pajani kila asubuhi kabla ya kuanza sindano za kukuza mayai. Huenda mayai yaliyobaki yakaamka vizuri zaidi. "Hakunidanganya," anasema Dada Wembe. "Alisema kuna waliosaidika na kuna ambao haikubadilisha kitu, na madaktari wenyewe bado wanabishana."

Lakini jeli hiyo ikigusa ngozi ya mtu mwingine inaweza kumwingia, na kwa mtoto mdogo si jambo la mchezo. Daktari alimwambia akinawa mikono na kufunika paja inatosha. Yeye akaongeza glavu, na watoto akawaacha kabisa.

"Mtoto wa mtu si wa kubahatishia. Nitamtafutaje wangu huku nawadhuru wa wenzangu?"

Jeli ina vituko vyake. Vinyweleo vitatu vigumu vimeota kidevuni mwa mwanamke anayelipwa kunyoa ndevu. Alijaribu kuving'oa mwenyewe mbele ya kioo, akajiumiza. Mumewe akachukua kibano.

"Kinyozi hajinyoi," mume anasema, naye bado anacheka akikumbuka. "Nikamwambia mke wangu, tukiendelea hivi nitalala na shemeji yangu."

"Na mimi nikamwambia, cheka, Jumapili nikikunyoa nitakuacha na nusu kichwa."

Kisha mume anaacha kucheka. "Naogopa," anasema. "Siogopi kukosa mtoto. Naogopa kumwona akirudi kutoka hospitali kama siku ile yai lilipokataa."

Jeli inaisha wiki hii, sindano zinafuata. Mchana wateja wakipungua, Dada Wembe anavua glavu, ananawa, anautoa ubao na kuufuta vumbi kwa kitambaa kibichi, taratibu, mpaka kwenye kona. Mwenzake anajifanya haoni.

"Wiki ijayo ubao huu unarudi kitini," anasema Dada Wembe. "Wa kwangu akija, huu utakaliwa na nani kama si yeye? Asipokuja nitalia, siwezi kusema uongo. Lakini watakaa wa wenzangu. Nimewakumbuka."

Anauegemeza tena nyuma ya mlango, kisha anabadili mawazo na kuuweka mbele, kando ya kiti chake.