Kalenda ya Shangazi Sjoukje

Shangazi yangu Sjoukje alikuwa ameshaamua: kabla ya chakula cha jioni angeifuta Kalenda. Kalenda ni faili dogo la kuhesabu tarehe. Aliliandika akiwa msichana, akaliweka mtandaoni watengeneza programu walichukue bure na kulitia ndani ya programu zao. Kila mwaka analirekebisha, na asante hajawahi kuisikia, wala lalamiko.

"Nani akwambie asante?" Wobbe, jirani yetu mfuga ng'ombe, alicheka huku anatafuna mkate wetu wa sukari. "Hiyo kitu haijawahi kukamua hata ng'ombe mmoja."

Shangazi akamkazia macho. "Na roboti yako inayokamua, ndani yake kuna nini? Lete programu yake."

Wobbe akaleta flashi aliyoachiwa na fundi. Mafaili mamia, na majina yote ni namba tupu. Shangazi hata hakuyasoma. Kila faili lina alama yake, kama ya kidole: kompyuta inalipigia hesabu lote, inatoa mstari mmoja mrefu wa herufi na namba. Libadilishe jina utakavyo, alama ni ileile. Gusa herufi moja tu ndani, alama yote inageuka.

Akazitoa alama zote, akatafuta ya Kalenda iliyo kwenye kompyuta yake. Haipo.

"Si nilisema," Wobbe alisema, lakini hakucheka tena.

Kidole cha shangazi kikaenda kwenye kitufe cha kufuta. Kikaganda hapo.

"Ngoja. Asubuhi nililifungua, nikaliaga."

"Ulimuaga nani?"

"Faili! Niliandika 'kwaheri mpenzi' chini yake, nikahifadhi."

Wobbe akapaliwa, ikabidi nimpige mgongoni.

Shangazi akachukua nakala safi kutoka mtandaoni, ya mwaka ule roboti ilipoletwa. Akatoa alama yake, akatafuta. Ipo! Herufi kwa herufi!

Alipiga kelele mpaka bata wakaruka mtaroni. Akatoka mbio na soksi tu, moja kwa moja hadi zizini kwa Wobbe, akaanza kubusu ng'ombe, huyu, yule, na yule.

"We mwanamke!" Wobbe alimfuata akihema. "Miaka yote unanikamulia ng'ombe, hata kuja kuwasalimu hujaja!"

"Si ndiyo nawasalimu!"

"Na tarehe zikikosewa, je? Nakuja kukugongea mlango wewe!"

Shangazi akajibwaga kwenye majani makavu, anacheka, machozi yanamtoka.

"Gonga, Wobbe! Gonga hata kesho! Jamani, nimepata mtu wa kunilalamikia!"