Kaa Peke Yako, Utapewa

Semina ya ukocha ilichukua siku tatu, nikarudi na fulana, cheti, na majivuno ya kutosha shule nzima. Siku hiyohiyo mwalimu mkuu akanikabidhi darasa langu la pili niwafundishe mpira. Kiwanja chetu pale Ipagala ni vumbi na mbigili, na watoto walikuwa na mchezo mmoja tu: wote juu ya mpira, kama kuku waliomwagiwa pumba. Mpira wenyewe huuoni. Unaona mguu, unaona mguu mwingine, kisha unasikia kilio.

Nikapanga chupa za maji kwa kukosa koni, nikahubiri habari za nafasi: anayejitenga na wenzake ndiye anayepata mpira mzuri. Wakaitikia "ndiyo mwalimu" kwa sauti moja, na filimbi ilipolia wakarudi kwenye rundo. Nilifoka mpaka nikakohoa na sauti ikakauka. Sikujiuliza wamejifunzia wapi kusongamana. Darasani kwangu wanakaa wanne dawati moja, na anayeinuka kuchonga penseli akirudi anakuta pameshakaliwa. Kwenye uji ni hivyohivyo. Mtoto wa shule yetu anajua kwamba ukisogea umekosa, na aliyewapanga kwenye madawati hayo ni mimi.

Aliyenisikiliza ni binti mmoja mwembamba, aliyehamia kutoka Mlali kuishi na shangazi yake. Alikwenda kusimama upande wa kushoto, peke yake, akangoja. Jumatano mpira haukumfikia. Ijumaa haukumfikia. Wenzake wakasema amepewa adhabu. Wiki ya pili akanifuata.

"Shikamoo mwalimu. Nikikaa kule hawanipi."

"Marahaba. Watakupa," nikamwambia. "Wewe kaa peke yako, utapewa."

Akarudi kulekule. Nilimpenda sana kwa hilo. Katika kundi zima ndiye pekee aliyeniamini, na nilijiapiza kwamba sitamwangusha.

Ikaja siku ya wazazi, na mechi ya walimu na wazazi. Wazazi wetu wengi ni watumishi waliohamia Dodoma na ofisi zao, na siku hiyo walikuja na viatu vipya na vitambi vya zamani. Hazikupita dakika mbili, sote tulikuwa juu ya mpira. Baba mmoja, ambaye kazi yake ni kupimia watu viwanja ili kila mtu akae kwenye mipaka yake, alinikanyaga mara mbili. Mwalimu wa hisabati, wa timu yangu mwenyewe, alinipiga kiwiko. Watoto waliojipanga pembeni walikuwa wanaimba, "Nafasi, mwalimu, nafasi," wakiiga hata kikohozi changu.

Kisha mpira ukaniangukia miguuni. Kushoto kwangu alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mwanamke pekee uwanjani, ambaye tangu mwanzo alikuwa amesimama peke yake na hakuna aliyemjali. Alikuwa ameinua mkono. Mbele yake goli lilikuwa wazi, hata kipa alikuwa kwenye rundo. Nilimwona vizuri kabisa. Nikapiga mwenyewe, mpira ukaishia kwenye shamba la mtama la jirani, nami nikainama kuvilaumu viatu.

Nilipotoka kunywa maji, yule binti alinisogelea. Hakuwa ameimba na wenzake.

"Mwalimu," akauliza taratibu, "yule hukumwona?"

Nikamwambia jua lilinipiga machoni. Ilikuwa saa sita, jua liko utosini. Akatazama juu, akanitazama mimi, akasema, "Haya."

Mazoezi yaliyofuata upande wa kushoto ulikuwa mtupu. Binti alikuwa katikati ya rundo, viwiko nje, anasukuma kuliko wote, na alipoupata mpira hakumpa mtu. Mama mmoja kando ya uwanja akapiga makofi, akanipongeza: mtoto ameanza kuujua mpira. Nikasema asante.